Insha ya Hoja: Kunyonyesha au Kukamua Maziwa?

SWALI LA MFANO

"Mama anayefanya kazi mbali na nyumbani ni afadhali amkamulie mtoto wake mchanga maziwa kuliko kumnyonyesha." Kwa kutumia mifano kutoka mazingira unayoishi, jadili kauli hii katika insha yenye maneno yasiyopungua 350.

Soma swali hili mara mbili kabla hujashika kalamu. Mara ya kwanza soma ili uelewe mada. Mara ya pili soma ukitafuta mtego, na mtego wenyewe umejificha katika neno "kuliko". Neno hilo humfanya mtahiniwa aone vitu viwili vinavyogombana, achague kimoja akisifie, kisha akiponde kile kingine mpaka karatasi iishe. Insha za namna hiyo hujaa sifa na kukosa hoja. Nyingine huanza na sentensi ambayo wasahihishaji tumeichoka: "Maziwa ya mama ni maziwa yanayotoka kwa mama." Ni kweli, lakini nani alikuwa anabisha?

Kumbuka kwamba neno la amri katika swali ni "jadili". Kujadili ni kupima. Unaruhusiwa kukubaliana na kauli, kuipinga, au kuikubali kwa sharti, ilimradi utoe sababu zinazoshikika. Katika mada hii, msimamo wenye sharti ndio wenye nguvu zaidi, na sababu yake utaiona tukishapitia ukweli wenyewe. Huwezi kupima kitu usichokijua, kwa hiyo tuanze na maarifa. Mpangilio wa insha tutaugusa baadaye.

Mambo ya kujua kabla ya kuandika

Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto awekwe kwenye titi ndani ya saa moja baada ya kuzaliwa, apewe maziwa ya mama pekee kwa miezi 6 ya mwanzo bila hata maji, kisha aanze vyakula vya nyongeza huku akiendelea kunyonya hadi afikishe miaka 2 au zaidi. Wizara ya Afya nchini kwetu inafundisha hivyo hivyo. Utafiti wa Demografia na Afya wa mwaka 2022 ulionesha kuwa asilimia 64 ya watoto wa Tanzania wenye umri chini ya miezi 6 walikuwa wakilishwa maziwa ya mama pekee. Utafiti wa 2015/16 ulikuwa umeonesha asilimia 59. Tumepanda, lakini zaidi ya theluthi moja ya watoto hawa bado wanapewa kitu kingine: maji, uji mwepesi, maziwa ya ng'ombe au ya kopo. Weka takwimu kama hiyo katika aya yako ya kwanza au ya pili, nayo itakusaidia kuliko methali tatu.

Sasa angalia kwa makini: ushauri unasema "maziwa ya mama pekee". Mtoto anayenyonya titi anapata maziwa ya mama. Mtoto anayenyweshwa kwa kikombe maziwa ambayo mama yake aliyakamua asubuhi naye anapata maziwa ya mama. Wote wawili wanahesabiwa upande mmoja. Mpinzani wa kunyonyesha, kwa hiyo, ni uji na maziwa ya kopo yanayoingia mama akiwa hayupo. Kukamua hakumo katika ugomvi huo. Mtahiniwa akiliona jambo hili, nusu ya insha imekwisha jiandika.

Hata hivyo njia hizi mbili hazifanani kabisa. Rejea kidogo Baiolojia yako. Mtoto anapovuta chuchu, tezi ya pituitari iliyo chini ya ubongo wa mama hutoa homoni mbili. Prolaktini huamuru matiti yatengeneze maziwa, na oksitosini huyasukuma yatoke. Kadiri titi linavyoondolewa maziwa ndivyo linavyotengeneza mengine; likiachwa limejaa, hupunguza kazi. Mtoto mchanga hunyonya mara 8 hadi 12 kwa siku, usiku na mchana, na kila mara hutuma oda mpya kiwandani. Mkono au pampu pia huweza kutuma oda hiyo, ila mtoto aliyeshika titi vizuri huituma kwa ustadi zaidi. Isitoshe, maziwa yanayotoka moja kwa moja hayahitaji chombo, moto wala friji, na chembe hai za kinga zilizomo humfikia mtoto zikiwa hai. Maziwa yaliyogandishwa kwenye friza hupoteza baadhi ya chembe hizo, ingawa bado ni bora kuliko ya kopo.

Ndiyo maana wiki 4 hadi 6 za mwanzo ni za titi, kama mama na mtoto wako pamoja na wote ni wazima. Huo ndio wakati ambao mwili wa mama unajifunza kiasi cha kutengeneza na mtoto anajifunza kushika. Kauli ya swali inasema "mtoto mchanga". Mtahiniwa makini ataliona neno hilo na kulifanyia kazi.

Kuna mtoto mmoja ambaye kwake kauli ya swali inakuwa kweli tupu: mtoto njiti. Aliyezaliwa kabla ya wiki 34 hivi za ujauzito mara nyingi hana uwezo wa kuvuta, kumeza na kupumua kwa mpangilio. Titi lipo, maziwa yapo, nguvu hana. Mama hukamua kila baada ya muda wa saa 3 hivi, usiku ukiwemo, na maziwa hupitishwa kwa mpira mwembamba au kikombe kidogo mpaka mtoto apate nguvu. Yale ya kwanza mazito ya manjano, dang'a, yanaweza kuwa vijiko viwili tu. Hayamwagwi. Ukitaja mfano huu katika insha umeonesha kwamba umepima pande zote.

Mifano ya "mazingira unayoishi"

Hapa ndipo alama nyingi hupotea. Mtahiniwa anaandika "akina mama wa mjini" na "akina mama wa kijijini" kana kwamba ni watu wawili tu nchi nzima. Tuchukue Songwe, mkoa uliozaliwa mwaka 2016 kutoka Mbeya, makao makuu yake yakiwa Vwawa. Hebu tutengeneze akina mama watatu wa kufikirika.

Wa kwanza anauza mchele Tunduma, karibu na mpaka. Anaishi Mpemba. Hana mwajiri, hana likizo; asipofungua meza siku hiyo hapati kitu. Wengi wangesema moja kwa moja kwamba akamue. Lakini tazama: yeye ni bosi wa meza yake. Anaweza kumbeba mtoto kwa mbeleko, akamnyonyesha kati ya mteja na mteja, na hakuna meneja wa kumuuliza. Tatizo lake ni vumbi, jua, moshi wa malori yaliyopanga foleni kusubiri kuvuka kwenda Nakonde, na kukosa mahali pa kukaa kwa staha. Kwake, kivuli na kiti sokoni ni msaada mkubwa kuliko pampu.

Wa pili ni mtumishi wa ofisini, Vwawa. Huyu ana sheria. Kifungu cha 33 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 kinampa mfanyakazi likizo ya uzazi yenye malipo ya siku zisizopungua 84, na 100 kama amejifungua mtoto zaidi ya mmoja. Akirudi kazini na bado ananyonyesha, mwajiri anapaswa kumruhusu kumnyonyesha mtoto ndani ya saa za kazi, kwa muda usiozidi saa 2 kwa siku. Ni sheria nzuri. Sasa ifanyie hesabu, maana insha ya hoja inapenda hesabu. Miezi 6 ni siku 180 hivi. Toa 84: zinabaki siku 96 ambazo mtoto anapaswa kuishi kwa maziwa ya mama pekee huku mama yuko kazini. Na sheria inaruhusu likizo ianze hadi wiki 4 kabla ya tarehe ya kujifungua. Aliyeianza mapema hivyo anarudi ofisini mtoto akiwa na wiki 8 tu. Zile saa 2 zinatosha kama anaishi jirani na ofisi. Kama nyumbani ni mbali, zinaishia barabarani. Kwake kukamua ni daraja la kuvukia siku hizo 96.

Akamue kiasi gani? Mtoto wa kati ya mwezi 1 na miezi 6 hunywa wastani wa mililita 750 kwa siku nzima. Mama akiwa mbali kwa muda wa saa 8, yaani theluthi moja ya siku, mtoto atahitaji kama mililita 250, robo lita. Hiyo haifiki hata chupa moja ya soda. Wanaosema "haiwezekani" mara nyingi hawajawahi kupima.

Wa tatu analima mpunga Kamsamba, bonde la Momba. Shamba ni mbali, mtoto anabaki na bibi. Mfano huu utatuingiza kwenye suala la kuhifadhi maziwa, kwa sababu Kamsamba hakuna baridi ya Mbozi.

Maziwa yaliyokamuliwa hukaa salama kwa muda wa saa 4 katika joto la chumba lisilozidi nyuzi 25 za Sentigredi. Kwenye friji, siku 4. Kwenye friza, ubora wake ni mzuri ndani ya miezi 6. Tunduma na Vwawa ziko nyanda za juu, na mwezi Juni au Julai chumba kuwa chini ya nyuzi 25 ni jambo la kawaida. Kamsamba mchana wa Oktoba ni habari nyingine: kanuni ya saa 4 haitumiki hapo, maziwa yanapaswa kutumika mapema zaidi. Kanuni ni moja, lakini inazaa majibu mawili ndani ya mkoa mmoja. Mtahiniwa wa Songwe ana bahati ya kuwa na mfano huu mlangoni kwake.

(Angalizo la lugha. Usiandike "maziwa hukaa hadi saa nne". Kwa Kiswahili hiyo ni saa nne ya asubuhi au ya usiku. Andika "kwa muda wa saa nne". Neno moja linaweza kubadili maana ya ushauri, na ushauri huu unahusu tumbo la mtoto.)

Kuhusu namna ya kukamua na kulisha, usimalize ukurasa mzima. Swali halijauliza hatua. Sentensi chache zinatosha kuonesha kwamba jambo hili linawezekana bila pesa nyingi: mama ananawa mikono kwa sabuni, anaweka kidole gumba na cha shahada nyuma kidogo ya eneo jeusi linalozunguka chuchu, anasukuma kuelekea kifuani kisha anabana na kuachia, akikinga kwenye chombo safi chenye mfuniko. Pampu inasaidia, lakini mkono unatosha. Bibi anayapasha kwa kuweka chombo ndani ya maji ya uvuguvugu, hayabandiki jikoni. Anamnywesha mtoto kwa kikombe kidogo kilichooshwa vizuri, kwa sababu chupa yenye chuchu ya mpira ni ngumu kusafisha na huweza kumzoesha mtoto uvutaji mwingine akalikataa titi. Yaliyobaki kikombeni baada ya mtoto kunywa yatumike ndani ya muda wa saa 2, la sivyo yamwagwe.

Hoja za kupinga ambazo lazima uzijibu

Insha ya hoja isiyojibu upande wa pili ni tangazo la biashara. Katika mada hii utakutana na madai kadhaa, na moja nitalikalia zaidi kwa sababu linaumiza watoto wengi.

Utasikia mitaani kwamba mama akishinda juani au akikaa mbali na mtoto kutwa nzima, maziwa huchacha kifuani, hivyo akirudi lazima ayamwage au mtoto asinyonye hadi kesho. Si kweli. Maziwa hayaharibiki yakiwa ndani ya titi. Yanaharibika yakishatoka na kukaa vibaya. Mama anayeamini dai hili anapoteza mara mbili: anamnyima mtoto maziwa ya jioni, na mwili wake unapokea taarifa kwamba oda imepungua. Baada ya wiki kadhaa maziwa yanapungua kweli, na hapo jirani anasema, "Si nilikwambia?" Ukieleza mzunguko huu kwa kutumia ile hoja ya prolaktini, umeunganisha sayansi na maisha, na aya hiyo itajitofautisha na za wenzako.

Dai jingine ni kwamba mama mwenye VVU ni lazima akamue tu, asinyonyeshe. Ushauri unaotolewa kliniki ni tofauti: mama anayetumia dawa za kufubaza VVU ipasavyo ananyonyesha maziwa yake pekee kwa miezi 6 ya mwanzo, na mtoto anapewa dawa kinga kama atakavyoelekezwa. Kilichoonekana kuongeza hatari ni kuchanganya, yaani maziwa ya mama na uji au maziwa mengine kabla ya miezi 6. Kama hujui jambo hili vizuri, liache. Ni bora aya pungufu kuliko aya inayopotosha.

Maziwa ya kopo hayamo katika swali, lakini unaweza kuyataja kwa sentensi moja. Tangu mwaka 1994 Tanzania ina kanuni zinazodhibiti matangazo na uuzaji wa vyakula mbadala vya maziwa ya mama, kufuatia Kanuni ya Kimataifa iliyopitishwa na Baraza la Afya Duniani mwaka 1981. Usiingie zaidi ya hapo, utatoka nje ya mada.

Aya ya mfano

Tazama jinsi aya moja inavyoweza kubeba dai, ushahidi, mfano na msimamo bila kelele:

"Kukamua maziwa kuna maana pale ambapo saa za kazi zinamtenga mama na mtoto. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 humpa mama likizo ya siku 84, ilhali mtoto anahitaji maziwa ya mama pekee kwa takriban siku 180. Mama anayefanya kazi Vwawa na kuishi mbali na ofisi hawezi kurudi nyumbani kila mtoto anapolia. Akikamua robo lita kabla ya kutoka, mtoto hatapewa uji. Lakini mama huyohuyo akirudi jioni hana sababu ya kuendelea kutumia kikombe, kwa kuwa titi lipo na mtoto yupo. Kwa hiyo siafiki kwamba kukamua ni bora kuliko kunyonyesha. Naafiki kwamba kukamua hulinda unyonyeshaji wakati mama hayupo."

Ona sentensi ya mwisho. Inatumia maneno ya swali lenyewe na kuyapangia mipaka. Hapo msahihishaji hana haja ya kukisia msimamo wako. Aya nyingine zifuate njia hiyo: moja ya wiki za mwanzo, moja ya mtoto njiti, moja ya mfanyabiashara wa sokoni, moja ya kujibu dai la maziwa kuchacha. Utangulizi wako usizidi sentensi nne. Hitimisho likae katika sentensi mbili au tatu na lisilete hoja mpya.

Kama wewe mwenyewe ni mama

Baadhi yenu mnaosoma kitabu hiki mna watoto. Tarehe 24 Novemba 2021, Profesa Joyce Ndalichako, aliyekuwa Waziri wa Elimu, alitangaza kwamba wanafunzi walioacha shule kwa sababu ya ujauzito wanaruhusiwa kurudi katika mfumo rasmi baada ya kujifungua, na wengine mnafanya mtihani kama watahiniwa wa kujitegemea. Kwenu swali hili ni la Jumatatu asubuhi ya mwezi Novemba.

Siku yenye mitihani miwili, asubuhi na mchana, unaweza kuwa mbali na mtoto kwa muda wa saa 8 au zaidi. Anza mazoezi wiki mbili au tatu kabla. Kamua kidogo kila siku, umzoeshe mtoto kikombe mkononi mwa yule atakayebaki naye, kwa sababu watoto wengi hukataa kikombe wakimwona mama chumbani. Asubuhi ya mtihani mnyonyeshe mwisho kabisa, ukiwa umeshavaa. Katikati ya mitihani miwili, ama mtoto aletwe jirani na kituo anyonye, ama ukamue hata kwa dakika kumi. Ukiacha matiti yajae hadi jioni utaandika ukiwa na maumivu, na titi lililojaa kupita kiasi laweza kuvimba na kuleta homa kesho yake, siku ya Hisabati. Zungumza mapema na matroni au mwalimu wa ushauri nasaha akuoneshe chumba chenye faragha na maji. Usisubiri siku yenyewe, na usione haya. Beba khanga ya ziada.

ZOEZI

1. Andika upya kauli ya swali la mfano kwa namna ambayo ingeondoa mtego wa neno "kuliko". Eleza kwa sentensi tatu kilichobadilika.

2. Mwajiri fulani anasema saa 2 za kunyonyesha zinazotolewa kisheria ni hasara kwa kampuni. Andika hotuba utakayoitoa katika mkutano wa wafanyakazi ukijibu hoja yake. Tumia angalau takwimu mbili kutoka somo hili.

3. Hesabu: mama alianza likizo ya siku 84 wiki 2 kabla ya kujifungua. Atarudi kazini mtoto akiwa na umri wa siku ngapi? Zitabaki siku ngapi kufikia 180? Tumia jibu lako kuandika aya moja ya hoja yenye maneno yasiyozidi 100.